Mwenda Jean-Bosco: Gitaa lililomtangulia mwenyewe safarini

WAZEE waliokuwa vijana wakati redio ya mbao ilipokuwa fahari ya sebule hawahitaji kuelezwa Mwenda Jean-Bosco alikuwa nani. Alikuwa mpigaji gitaa wa Katanga, kusini mwa Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili, na ambaye kidole gumba na cha shahada vya mkono wake wa kulia vilisikika kama watu wawili waliokaa chumba kimoja wakijibizana.

Ustadi wake umeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni habari za safari zake: nani alimwita, nani alilipa nauli, nani alimtafutia malazi, nani alishika fedha za mlangoni, na nani alihakikisha kwamba anarudi kwao akiwa na kitu mkononi.

Kazi hiyo leo ina jina. Mwanamuziki wa kimataifa hatoki nyumbani bila meneja wa ziara, mtu anayetangulia mbele ya wimbo na kubaki nyuma baada ya taa za jukwaa kuzimwa ili alipe madeni. Katika siku za Mwenda kazi hiyo haikuwa na mtu mmoja. Iligawanywa baina ya mtafiti wa muziki, kampuni ya sahani, mtayarishaji wa matangazo ya biashara na kamati ya tamasha, kila mmoja akiwa na hesabu yake mwenyewe. Maisha ya Mwenda, kuanzia miaka ya 1950 hadi alipofariki mwaka 1990, yanaonyesha vizuri msanii anapata nini na anakosa nini katika mgawanyo wa namna hiyo.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mahali penye historia nzito kuliko ukubwa wake. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaingia Katanga katikati ya karne ya 19 na kujenga dola iliyojulikana kwa jina la Garenganze. Watu wake waliitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kumtwalia nchi Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Dola ilivunjika, lakini ukoo haukufutika, na jina la Mwenda liliendelea kuwa jina la watawala wa Bayeke.

Kwa hiyo mtoto aliyepewa jina hilo alirithi kumbukumbu ya watu waliokuwa wasafiri. Bayeke walifika Katanga kwa miguu, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Kiswahili nacho kilifika huko kwa misafara, kisha kikakuzwa na migodi, hadi kikawa lugha ya mtaani ya watu waliotoka pande nyingi na wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho. Msikilizaji wa Mombasa au Tabora aliyekisikia alitabasamu kwa namna maneno yalivyopindishwa, lakini alielewa.

Migodi ndiyo iliyoleta gitaa pia. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Pamoja na wafanyakazi zikaja nguo za dukani, baiskeli, gramafoni na magitaa. Kijana aliyepokea mshahara wa mwezi aliweza kununua gitaa lake, akajifunza bila mwalimu, akitafuta katika nyuzi sita sauti alizozizoea kwenye ala za nyumbani. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo ambao wataalamu baadaye waliuita gitaa la Katanga. Gumba lilishika besi na mapigo, shahada ikachuma wimbo juu yake, na sauti ya mwimbaji ikapita katikati bila kugongana na yeyote kati ya hao wawili.

Mwaka 1952 mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, ulipata mgeni. Alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizunguka bara hili kukusanya muziki. Tracey alisafiri na lori lililobeba mashine za kunasia sauti na jenereta ya kuziendesha. Kwa kuwa jenereta ilikuwa na kelele, iliachwa mbali na waya mrefu ukavutwa hadi mahali palipokaa wapigaji. Ilikuwa studio ya kutembea, na kwa wanamuziki wengi wa vijijini ndiyo studio pekee waliyopata kuiona.

Tracey alimkuta Mwenda na gitaa lake mjini Jadotville. Kijana alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa ulikuwamo Masanga, na huo ndio uliobadili maisha yake. Katika mwaka huohuo Masanga ulipata tuzo ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa na chama cha muziki wa Kiafrika ambacho Tracey alikuwa mmoja wa nguzo zake. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitoa nyimbo zake kwenye sahani za Gallotone, na sahani hizo zikasambaa katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini.

Hapa pana jambo ambalo yafaa lizingatiwe. Safari kubwa ya kwanza ya Mwenda aliifanya bila kuondoka nyumbani. Sauti yake ilipelekwa Johannesburg ikachapwa kwenye sahani, ikapanda treni na meli, ikaingia maduka ya Wahindi ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na yeye akabaki Katanga. Desturi ya makampuni mengi ya sahani wakati ule ilikuwa kumlipa mpigaji ada ya kurekodi na kuachana naye. Mirabaha, mikataba na haki za mtunzi vilikuwa vitu ambavyo mwanamuziki wa Kiafrika alivisikia kwa mbali, kama ngurumo ya mvua inayonyesha wilaya nyingine.

Tracey hapaswi kuhukumiwa kwa haraka. Bila lori lake Masanga ungeishia kwenye vibaraza vya Jadotville, na hazina aliyoiacha ni kubwa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, inayofahamika kwa kifupi kama ILAM, na kanda zake zimewasaidia watafiti wa vizazi vitatu. Hata hivyo kazi yake ilikuwa kunasa na kuhifadhi. Haikuwa kazi yake kumsimamia msanii baada ya lori kuondoka.

Aliyekuja kufanya kazi iliyokaribia hiyo alikuwa mtu wa Nairobi. Peter Colmore, Mwingereza mwenye kampuni ya High Fidelity Productions, alikuwa na sikio la muziki na jicho la biashara. Alirekodi wanamuziki, akatayarisha vipindi, na aligundua mapema kwamba tangazo la bidhaa likiimbwa vizuri na Mwafrika anayependwa, huuza kuliko bango la ukutani. Kwake muziki na matangazo vilikuwa biashara moja.

Colmore alikuwa tayari amemleta Nairobi Edouard Masengo, mwanamuziki mwingine wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka 1959 ikawa zamu ya Mwenda. Alikuja kwa miezi kadhaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza Aspro, dawa ya maumivu. Alikuwa pia na kipindi redioni. Hivyo mtu aliyekuwa sauti ya kwenye sahani kwa miaka saba akawa na uso, na vijana wa Nairobi waliokuwa wamevunja vidole wakijaribu kumwiga wakapata kuyaona mambo kwa macho yao.

Ni vigumu leo kupima uzito wa jambo hilo. Sahani haionyeshi vidole. Wapigaji wengi wa Kenya waliosikia Masanga waliamini kwamba walikuwa wakisikia magitaa mawili, na walipojaribu kuupiga wawili wawili haukutoka kama ulivyokuwa. Mpigaji mmoja alipoketi mbele yao na kuupiga peke yake, shaka iliisha. Magharibi mwa Kenya tayari palikuwa na mafundi wa gitaa kavu, George Mukabi akiwa miongoni mwao, waliokuwa wakijenga mtindo wao wenyewe kutokana na ngoma na nyimbo za kwao. Hawakuwa wanafunzi wa Mwenda. Lakini waliomsikia na kumwona Mwenda walipata kipimo kipya cha nini kinawezekana kwa mtu mmoja na nyuzi sita.

Tuangalie basi ziara kama hiyo ilihitaji nini mwaka 1959. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na haikuondolewa hadi Januari 1960. Mwafrika hakutembea Nairobi bila karatasi. Mgeni kutoka Kongo ya Wabelgiji alikuwa mtu wa koloni jingine kabisa, mwenye hati za Kifaransa katika mji wa polisi waliozungumza Kiingereza. Ilibidi apatikane mtu wa kuandika barua, kuweka dhamana, kutafuta nyumba katika mitaa ambayo Mwafrika aliruhusiwa kulala, kupanga saa za studio, kukubaliana na wenye kumbi, na kumlinda msanii dhidi ya wale waliotaka apige bure kwa sababu ni ndugu mweusi. Mtu huyo aliitwa bwana mkubwa, au mwajiri, au mfadhili. Alifanya kazi ya meneja wa ziara, lakini kwa tofauti moja kubwa: meneja wa leo hulipwa na msanii na humtumikia msanii. Colmore hakuwa na sababu ya kumtumikia Mwenda. Mteja wake alikuwa mwenye dawa.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Msanii anapokuwa na mtu wake, ratiba hupangwa kwa kuangalia vidole vyake vinachoka lini, na hesabu ya usiku hufungwa mbele yake. Msanii anapokuwa sehemu ya tangazo, ratiba hupangwa kwa kuangalia mauzo. Mauzo yakishafikiwa ziara imekwisha, hata kama watazamaji bado wanapiga makofi. Nairobi ilimpa Mwenda umaarufu mpya, lakini haikumpa ofisi yake, mkataba wa kudumu wala mtu wa kumwandalia safari iliyofuata.

Ramani ya safari za burudani nayo ilikuwa na mipaka yake. Maonyesho ya siku hizo yalifuata reli na barabara kuu, kwa sababu vipaza sauti vilikuwa vizito na petroli ilikuwa ghali. Nchi ilikuwa pia na sehemu zilizofungwa kwa sheria. Ng'ambo ya mto Tana, kutoka Garissa kuteremka hadi Masalani na Ijara, ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako sheria ya mwaka 1934 ya maeneo maalumu ilidhibiti nani anaingia na nani anatoka. Mfanyabiashara wa ng'ombe alihitaji kibali, sembuse mpigaji gitaa na lori la matangazo. Uhuru haukuifungua njia hiyo mara moja. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera mpya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na sheria zilizoiendesha hazikufutwa hadi mwaka 1991. Kizazi kizima cha Ijara kilikua katika nchi ambayo bendi zake maarufu zilizunguka Mombasa, Nakuru na Kisumu na kuishia ng'ambo ya pili ya mto. Mawimbi ya redio peke yake ndiyo yasiyoombewa kibali.

Mwenda alirudi Katanga, na siasa zikamfunga njia. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, Julai 11, Moise Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na vita vilivyofuata havikumalizika hadi Januari 1963. Ulikuwa wakati mbaya kwa mtu ambaye riziki yake ilitegemea kuvuka mipaka akiwa na gitaa begani.

Nairobi nayo iligeuka. Miaka ya mwanzo ya 1960 ilileta magitaa ya umeme, bendi za watu watano na zaidi, na mtindo wa twist. Vijana walitaka kucheza, na mpigaji mmoja aliyekaa kwenye kiti hakuweza kushindana na ngoma na besi iliyotetemesha sakafu. Mukabi aliuawa mwaka 1963. Gitaa kavu halikufa, lakini lilirudi vibarazani lilikotoka.

Kinachoshangaza ni kwamba wakati huohuo ambapo wachezaji walikuwa wakimwacha, wasomi walikuwa wakimfikia. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft, mtaalamu wa muziki na lugha wa Uingereza, alichapisha uchambuzi wa namna Mwenda alivyobuni mapigo yake papo kwa papo, akiandika noti moja baada ya nyingine kile ambacho vijana wa Jadotville walikijua kwa sikio. Masanga ukawa somo. Wapigaji gitaa wa Ulaya na Marekani waliujifunza kwa makaratasi, na ukawa mmoja wa nyimbo za Kiafrika zinazojulikana zaidi miongoni mwa watu wa gitaa ambao hawajawahi kufika Afrika.

Njia hiyo ya makaratasi na sahani ndiyo hatimaye iliyomvusha bahari. Julai 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Rhode Island, nchini Marekani, tamasha ambalo Pete Seeger alikuwa miongoni mwa waasisi wa mfuko wake. Lilikuwa tamasha lenye utaratibu wa pekee. Lilipofufuliwa mwaka 1963 liliamua kuwa kila msanii, awe nyota wa sahani za dhahabu au mkulima aliyetolewa milimani na banjo yake, atapata malipo yaleyale ya dola 50, pamoja na nauli, chakula na mahali pa kulala. Nyota waliridhia ili fedha zitumike kuwaleta wasiojulikana. Katika historia ya maonyesho ya muziki ni nadra kukuta kamati iliyofikiria nauli ya mtu wa mbali kabla ya kufikiria jina la mtu wa mbele.

Mwisho wa wiki ya tamasha hilo ndio ambapo wanadamu wawili walikanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, na magazeti ya Marekani hayakuwa na nafasi kubwa kwa mpigaji gitaa wa Lubumbashi. Lakini alikuwa amefika. Miaka 17 baada ya lori la Tracey, watu waliokuwa wakimsikia kwenye sahani waliuona mkono wake wa kulia.

Safari hiyo pia haikuzaa ziara ya mfululizo. Tamasha la aina ile lilimchukua msanii, likamtunza vizuri kwa siku chache, kisha likamrudisha. Ili mwaliko mmoja uzae kumi, lazima awepo mtu anayekaa ofisini akipiga simu kwa miji iliyo njiani, akiunganisha ukumbi huu na ule ili nauli moja ilipe maonyesho mengi. Hiyo ndiyo hesabu kuu ya meneja wa ziara, na ndiyo sababu bendi ya Ulaya huweza kuzunguka miji 20 kwa mwezi wakati mwanamuziki wa Afrika huvuka bahari kwa usiku mmoja. Mwenda hakuwa na mtu huyo, wala Lubumbashi ya mwaka 1969 haikuwa na ofisi ya namna hiyo.

Alijitegemea. Hakuwahi kuishi kwa muziki peke yake. Alifanya kazi za ofisini na baadaye biashara, na mjini Lubumbashi aliongoza bendi iliyoitwa Super Shaba. Jina la bendi lilitokana na jina jipya la jimbo, kwani Mobutu Sese Seko alikuwa ameanza kubadili majina yote. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na mwaka uliofuata wananchi wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo. Jean-Bosco aliyejulikana kutoka Johannesburg hadi Newport akawa Mwenda wa Bayeke katika hati zake.

Kwa mtu wa kawaida badiliko hilo lilikuwa usumbufu. Kwa mwanamuziki lilikuwa na gharama nyingine. Jina ndilo alama ya biashara ya msanii. Limeandikwa kwenye sahani, kwenye mabango na katika kumbukumbu za wasikilizaji. Mtu aliyekuwa akimtafuta Jean-Bosco katika Zaire ya Mobutu angeweza kuambiwa kwamba hayupo. Kuna wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliodhani Mwenda Jean-Bosco na Mwenda wa Bayeke ni watu wawili.

Kisha vikaja vita vya Shaba, cha kwanza mwaka 1977 na cha pili mwaka 1978, wakati wapiganaji waliotoka Angola walipoingia jimboni na mji wa Kolwezi ukawa habari ya dunia. Barabara zilijaa vizuizi. Katika hali hiyo, mwaka 1979, mpigaji gitaa wa Uingereza aitwaye John Low alifunga safari hadi Lubumbashi kuwatafuta magwiji wa miaka ya 1950. Aliwakuta. Kitabu chake cha kumbukumbu za safari hiyo, Shaba Diary, kilichapishwa mjini Vienna mwaka 1982, na kilifufua hamu ya watu wa Ulaya kumsikia Mwenda mwenyewe badala ya sahani zilizokwaruzika.

Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alialikwa Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 52, na vidole vilikuwa bado na akili yake. Watazamaji wake sasa walikuwa watu wa kuketi kimya na kusikiliza, wengi wao wakiwa wapigaji gitaa, tofauti kabisa na umati wa Nairobi uliokuja kwa ajili ya Aspro na kuondoka na wimbo. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mtu aliyeimba kwa Kiswahili habari za mtaa, mapenzi na pombe alipata utulivu wa kusikilizwa mbele ya watu ambao hawakuelewa neno.

Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, ambako alirekodi albamu nzima studioni kwa ajili ya kampuni ya Mountain Records. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wa dunia waisusie. Miaka miwili kabla yake Mmarekani Paul Simon alikuwa ameshambuliwa vikali kwa kurekodi Johannesburg. Meneja mwenye uzoefu angempa Mwenda hesabu ya faida na hasara za mwaliko huo. Kwa upande mwingine, Afrika Kusini ndiyo nchi iliyochapa sahani zake za kwanza na kuuza jina lake tangu mwaka 1952, na mtu aliyefikia umri wa miaka 58 bila albamu yake ya studio hakuwa na anasa ya kuchagua mlango wa kuingilia. Katika albamu hiyo alizipiga upya nyimbo zake za zamani, kwa mashine nzuri na bila jenereta kunguruma kwa mbali.

Mtu anayeisikiliza leo baada ya kusikia zile za Jadotville atatambua kwamba mwendo umetulia. Kijana wa 1952 alipiga kama anayekimbizwa na dakika tatu za sahani. Mzee wa 1988 aliacha nyuzi zipumue.

Safari za kwenda kusini zilikuwa za kawaida kwa watu wa Lubumbashi. Mpaka wa Zambia uko karibu, na miji ya migodi ya upande wa pili ilikuwa soko, duka na kituo cha usafiri kwa watu wa Shaba. Ilikuwa nchini Zambia, mwaka 1990, ambapo Mwenda alipata ajali ya gari na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Barabara imewachukua wanamuziki wengi wa ukanda huu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965 huko Morogoro. Mbaraka Mwinshehe, pia wa Morogoro, aligongwa na mauti hayohayo Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34. Anayezunguka na muziki hulala mchana na kusafiri usiku, mara nyingi kwa gari la kuazima na dereva aliyechoka, kwa sababu malazi ya ziada hayamo katika bajeti. Katika orodha ya kazi za meneja wa ziara, kuamua kwamba leo hatusafiri, tutalala hapahapa, huwa inaandikwa chini kabisa.

Mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake, kampuni ya Rounder ya Marekani ilizitoa rekodi za Cape Town kwenye diski na kuzisambaza duniani kote. Kanda za Jadotville za mwaka 1952 zimo katika hazina ya ILAM, ambayo tangu mwaka 1978 iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji ambao sasa unaitwa Makhanda, Afrika Kusini, na wanafunzi wa gitaa bado huandika huko kuomba kuisikiliza Masanga ya kwanza.